Mbuzi Mawe

Chemchemi yetu si kitu cha kumwonyesha mgeni:
ufa katika mwamba, upana wa kiganja,
na maji yanayotoka kama mtu anayelipa deni,
kidogo, kidogo, huku akitazama pembeni.
Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka barabara ya Likasi,
ukipita matanuri ya makala na vichuguu virefu kuliko nyumba.
Kijito cha karibu, tangu kiwanda kifunguliwe, kina rangi ya chai,
na bata wa mama Chola walikufa wote siku moja, Jumanne.
Basi tunapanda.

Mwezi wa kumi. Mvua bado ni maneno ya watu.
Moto umepita mlimani, ardhi ni nyeusi,
na katikati ya majivu nyasi zimeanza kuchomoza
bila kumsubiri mtu.
Nilifika kabla ya jua, na bidoni mbili,
ya njano na ile iliyovunjika kishikio,
nikawakuta.

Wawili. Huwa wawili daima.
Rangi yao ni ya jiwe lenyewe, ndiyo maana
kwanza niliona jiwe likigeuza masikio.
Wanasimama juu ya ncha za kwato
kama mwanamke aliyeazima viatu vya harusi
na hataki kuvichafua.
Dume ana vipembe viwili, misumari ya inchi tatu.
Jike hana kitu, ana macho tu,
na pembeni mwa kila jicho doa jeusi,
wanja uliochuruzika.

Jike akashuka kwanza. Akainama.
Dume hakunywa. Alisimama juu ya mwamba
akitazama bonde, akitazama anga, akinitazama mimi,
na koo lake lilikuwa kavu kama langu,
nililiona likimeza hewa.

Nikaketi. Sikuthubutu hata kutua bidoni.
Kuinama kunywa, nikawaza,
ni kumkabidhi mtu shingo yako.

Kazi hiyo naijua.
Kilufya hushuka shimoni na taa kichwani, kamba kiunoni,
nami hukaa mdomoni mwa shimo,
kamba nimeizungusha mkononi mara mbili.
Mvuto mmoja: gunia limejaa. Miwili: nipe maji.
Mitatu hatujawahi kuivuta,
wala kuitaja, tangu jioni tulipokubaliana maana yake.
Watu husema yule mwanamke kazi yake kukaa.
Ndiyo. Hukaa.

Jike akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni,
akapanda, akasimama palepale aliposimama dume,
kwato juu ya alama za kwato.
Ndipo dume akashuka.
Hakuna aliyepiga kengele ya zamu.

Jua lilipochomoza kitu kikang'aa kwenye njia yao,
hatua mbili kutoka maji: kitanzi,
shaba tupu, iliyochunwa kutoka kebo ya umeme.
Naujua mkono uliofunga fundo lile.
Ni Kabange, mtoto wa jirani,
amerudishwa nyumbani mara mbili mwezi huu kwa ajili ya ada,
na mjini kuna mkahawa unaonunua nyama ya porini
bila maswali.
Simlaumu. Shaba ni ileile:
juu ya nguzo inapeleka mwanga Lubumbashi,
hapa chini inasubiri mguu.

Nilikohoa. Sikupata njia nyingine.
Dume akapiga mluzi mmoja mkali wa puani,
wa jike ukaudaka kabla haujaisha,
na mlima ukawa mlima tena, mawe matupu.
Dume hakuwa ameshiba. Hilo bado linaniuma.

Niling'oa kitanzi. Nikatengenezea kishikio cha bidoni,
mizunguko sita, kikakaa vizuri.
Kabange nitampa nini, sijui bado. Labda unga.
Nikajaza. Maji yalichukua muda wake.

Kilufya alikuwa ameketi ukingoni, taa tayari kichwani.
Hajawahi kushuka bila mimi.
"Umechelewa."
"Kulikuwa na foleni," nikamwambia,
nikaizungusha kamba mkononi, mara mbili.